Uchambuzi wa kisa: mizani ya zamani, laptopu mpya na kilo mia zilizopotelea kwenye waya

Mazingira

Kisa hiki ni cha ghala moja la korosho huku kusini, jina la chama cha msingi na kijiji nimeyaacha, watu pia nimewaacha bila majina, ila tarakimu za uzito sijazigusa hata moja maana kisa chenyewe kimekaa humo humo kwenye tarakimu, utaona mbele.

Ghala lina mizani ya chini, lile libamba la chuma ambalo gunia zinapangwa juu yake, na ukutani kuna indiketa, kile kiboksi chenye namba nyekundu. Ni ya zamani kweli lakini inapima vizuri na kila msimu inapita ukaguzi, lakiri ya Wakala wa Vipimo ipo pale pale. Nyuma yake ina soketi ya pini tisa, ile tunayoita DB9, na humo inatoa uzito muda wote bila kuombwa, kwenda kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa na Windows XP. Kwenye kompyuta kuna programu ndogo aliyoiandika jamaa mmoja miaka hiyo kwa Visual Basic 6, karani anabonyeza kitufe, uzito unaingia kwenye jedwali, risiti inatoka. Jamaa aliyeiandika hapatikani tena, namba yake ya simu sasa hivi anapokea mama mmoja muuza vitenge.

Mimi kazi yangu ni fundi wa kompyuta wa kuitwa, sio mtu wa mizani. Hiyo ndio hali yenyewe siku umeme ulipokatika, ukarudi kwa nguvu, na ile kompyuta ya mezani haikuwaka tena. Ilikuwa Jumatano, msimu umeshafunguliwa na kupokea mzigo kulipangwa kuanza Jumatatu.

Tulikuwa na njia gani

Kamati ya chama walishanunua laptopu mpya kabla hata hawajanipigia, Windows 11, nyembamba kama sahani, na kama laptopu nyingi za siku hizi haina tundu la DB9. Hilo sio la kushangaa, RS-232, yaani utaratibu wa volti na nyaya unaotumika kupitisha data kwenye tundu hilo, ni kiwango cha tangu 1960, tundu la pini tisa lilikuja na kompyuta ya IBM AT mwaka 1984, halafu USB ilipoingia mwaka 1996 watengenezaji wakaanza kuyaondoa yale matundu polepole mpaka kwenye laptopu za kawaida yakaisha.

Niliwaza mambo matatu. La kwanza, kutafuta kompyuta ya mezani iliyotumika yenye poti ya siriali ya kweli (yaani tundu kama hilo) kwenye bodi, na hii ndio ingekuwa njia safi kuliko zote, ila pesa ya chama ilikuwa imeshaingia kwenye laptopu na kumwambia mwenyekiti kwamba amenunua kitu ambacho hakifai ni kazi nyingine kabisa. La pili, kuachana na waya, karani asome namba nyekundu achape mwenyewe kwa kibodi. Hiyo waliikataa hapo hapo na nikawaelewa, wakulima wanaamini risiti kwa sababu wanajua karani hagusi namba. La tatu ndio adapta, waya wa USB upande huu, DB9 upande ule, mle ndani kuna chipu inayotafsiri.

Tukaenda na adapta. Uamuzi wenyewe naona ulikuwa sahihi mpaka leo, kilichoharibika ni namna tulivyoutekeleza.

Mambo yalivyokwenda

*Ijumaa.* Adapta ikaja na basi kutoka Dar, ile ya waya wa bluu unaopitisha mwanga, rahisi, chipu yake ya familia ya PL2303. Nikachomeka, Windows ikaitambua, ikaweka pembetatu ya njano na maneno kwamba chipu ya aina hii ilisitishwa tangu 2012, wasiliana na aliyekuuzia. Kwa asiyejua, draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, na draiva mpya za chipu hizo zinakataa matoleo ya zamani na zile za kuiga. Nikafanya wanachofanya mafundi wote, nikatafuta draiva ya zamani, nikaingia Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, nikailazimisha, pembetatu ikaondoka. Nikajiona bingwa.

*Jumamosi asubuhi.* Ile hard disk ya kompyuta iliyokufa ilikuwa nzima, nikaiweka kwenye kasha la USB, nikakopi folda ya programu kama ilivyo. Kuifungua, ikalalamika inakosa faili la MSCOMM32.OCX, ambalo ndilo linaloongea na poti, nikalichukua kwenye disk hiyo hiyo, nikaliweka kwenye folda ya SysWOW64 na kulisajili kwa regsvr32. Ikafunguka. Halafu nikakuta menyu ya programu inajua COM1 mpaka COM4 tu (COM ni jina ambalo Windows inaipa kila poti ya aina hii), na Windows imeipa adapta COM7. Hili ni dogo, unaingia kwenye sifa za poti ndani ya Device Manager, sehemu ya mipangilio ya juu, unabadilisha namba. Nikaweka COM2.

Uzito hauji. Kimya.

Hapa nikafanya kipimo cha kujirudishia, unachukua kibanio cha karatasi unaunganisha pini ya 2 na ya 3 kwenye adapta, unafungua PuTTY, programu ya kuona kinachopita kwenye poti, unachapa herufi, ukiona inarudi basi adapta inatuma na inapokea. Zikarudi zote. Basi tatizo liko mbele zaidi, kwenye waya au kwenye indiketa, na nilipomuuliza karani kuhusu waya ndio akakumbuka, "Kaka, huu sio ule wa zamani, ule panya waliukata, huu nimenunua mjini wiki iliyopita." Nikachukua mita, nikapima indiketa yenyewe, pini ya 5 ikiwa ndio graundi, pini ya 2 ikaonyesha volti hasi inayochezacheza kwenye 6 hadi 8. Pini yenye hasi ndio inayotuma, laini ya RS-232 ikiwa imetulia inakaa upande wa hasi. Kompyuta nayo inapokea kwa pini hiyo hiyo ya 2, kwa hiyo hapa unatakiwa waya ulionyooka, 2 kwa 2 na 3 kwa 3. Waya mpya wa karani ulikuwa wa kupishana, 2 inakwenda 3, yule unaotumika kuunganisha kompyuta mbili. Kwa macho huwezi kuutofautisha, plagi ni zile zile. Nikaukata katikati nikabadilisha nyaya mbili, nikachomea kwa risasi, nikafunga seloteipu ya umeme.

Namba ikaonekana kwenye programu! Mizani tupu ikasoma 0.0. Pembeni kulikuwa na mfuko wa saruji wa ukarabati wa ghala, nikaubeba nikauweka juu, indiketa ikasema 50.0, programu ikasema 50.0, risiti ikatoka 50.0. Nikapeana mikono na mwenyekiti nikaondoka.

*Jumatatu.* Saa moja na nusu asubuhi napigiwa, adapta haionekani. Usiku wa Jumapili laptopu ilijisasisha na kurudisha draiva mpya, pembetatu ya njano ikarudi. Nikapanda bodaboda na adapta yangu ya mkobani, yenye chipu ya CH340, nafika nakuta foleni ya gunia mpaka nje ya geti. Nikachomeka, ikatambuliwa, nikaibadilisha namba iwe COM2, nikapandisha saruji ile ile, 50.0 kwa 50.0, tukafungua.

Mzigo wa kwanza ulikuwa gunia moja halijajaa, 65.0, sawa. Wa pili gunia mbili za mzee mmoja. Risiti ikatoka.

"Mjukuu wangu, gunia mbili hizi ndio kilo sitini na nusu?"

"Samahani babu, hebu subiri kwanza."

Indiketa ukutani ilikuwa inasema 160.5. Risiti 60.5. Karani akafanya jambo moja la maana kuliko yote yaliyofanyika siku hiyo, akafunga laptopu, akafungua daftari la mistari, akaendelea kuandika kwa mkono akisoma namba nyekundu huku mjumbe mmoja wa kamati akisimama pembeni kushuhudia, foleni ikasogea.

*Saa moja iliyopotea.* Mimi hapo nikaingia kwenye kosa la kawaida, kitu kilichobadilika mwisho ni adapta, basi adapta ndio mbaya. Nikazima nikawasha, nikahamisha tundu la USB (namba ya COM ikabadilika, nikaanza upya), nikaondoa draiva nikarudisha. Kila baada ya hatua napandisha saruji, inasoma 50.0, nasema imepona, tunaweka gunia, inaharibika. Yaani ile saruji ilikuwa inanidanganya mchana kweupe.

Mwishowe nikaiacha programu, nikafungua PuTTY nione kinachokuja kibichi. Kwenye mzigo wa 160.5 nikaona ±60.5. Sasa hebu fikiria, indiketa nyingi huwa zinatuma alama ya kujumlisha mbele ya uzito, kwa hiyo nilivyoona ile ± nikasema hiyo ni alama tu, nikajiuliza basi ile 1 imekwenda wapi. Karani ndiye aliyenitoa. Alipanda kwenye mizani kwa mchezo, ikasoma 63.5 indiketa na skrini vile vile. "Basi na wewe panda kaka." Nikapanda, indiketa 74.5, skrini ikaleta kidoti, kialama kama mkato mdogo wa juu, nukta, halafu 5.

Tukachukua kipande cha boksi tukaanza kuandika, namba gani inapita na ipi inageuka. Ndani ya dakika kumi tulikuwa nayo yote: 0, 3, 5, 6 na 9 zinapita salama. 1, 2, 4, 7 na 8 zinageuka kila mara, na kila mara kwa alama ile ile.

Kumbe ni nini

Kitu kikiharibika kwa mpangilio namna hiyo ujue sio waya mbovu wala adapta inayokufa. Waya mbovu haubagui namba.

Kila tarakimu inasafiri kama biti saba, yaani sifuri na moja saba zilizopangwa. Tarakimu 1 ni 0110001, hesabu zile moja, ziko tatu. Tarakimu 3 ni 0110011, ziko nne. Indiketa ilikuwa imepangwa kutuma biti saba na pariti ya shufwa, maana yake inaongeza biti ya nane ili idadi ya moja iwe shufwa kila wakati, ikikuta tatu inaongeza moja, ikikuta nne inaweka sifuri. Laptopu nayo ilikuwa imeambiwa isome biti nane bila pariti, kwa hiyo ile biti ya ukaguzi ikaihesabu kama sehemu ya herufi. Tarakimu zenye shufwa tayari zinabaki salama maana biti ya nane ni sifuri, zenye witiri zinageuka kuwa herufi nyingine kabisa, 1 inakuwa ±, 2 inakuwa ², na kuendelea. Na kwa sababu ukijumlisha biti ya kuanza na ya kumaliza mipangilio yote miwili inafika biti kumi, mapigo yanalingana na kompyuta haioni kosa lolote, hailalamiki.

Programu ya jamaa yetu ilikuwa inachukua tarakimu na nukta tu, kingine inatupa. Hapo ndipo 160.5 ikawa 60.5 bila kelele. Na mizani ile inapima kwa nusu kilo nusu kilo, kwa hiyo baada ya nukta siku zote ni 0 au 5, zote salama, mwisho wa namba unaonekana mzima muda wote. Saruji ya 50.0 haina hata tarakimu moja mbaya. Ningepandisha mifuko miwili Jumamosi, 100.0 ingekuwa 00.0 na hiki kisa kisingekuwepo.

Kwa nini programu ilikuwa inasoma vibaya na miaka yote ilikuwa inasoma vizuri? Mipangilio yake ilikuwa haikai kwenye folda yake, ilikuwa kwenye kifaili cha .ini ndani ya folda ya Windows ya kompyuta ya zamani, programu nyingi za enzi zile ndivyo zilivyofanya. Nilikopi folda, kifaili kikabaki, programu ikajitengenezea kipya chenye 9600,N,8,1, yaani kasi 9600, bila pariti, biti nane, biti moja ya kumaliza. Nikarudi kwenye ile disk, nikakikuta: 9600,E,7,1, hiyo E ndio pariti ya shufwa. Nikabadilisha hizo herufi mbili tatu, nikapanda tena mwenyewe kwenye mizani, 74.5.

Maamuzi ya baada ya hapo

Ningeweza kwenda upande wa pili, kubadilisha indiketa itume biti nane. Sikugusa. Menyu ya mawasiliano kwenye kile kiboksi iko jirani na menyu ya kurekebisha upimaji, na lakiri ipo, mimi sio mtu wa vipimo, na mkulima akiona fundi wa kompyuta anabonyezabonyeza mizani katikati ya foleni hiyo vurugu hutaizima. Kilichogeuzwa kilikuwa ni laptopu, basi laptopu ndio ijirekebishe.

Daftari la mkono likaendelea sambamba na kompyuta siku tatu, jioni tunalinganisha mstari kwa mstari. Risiti ya mzee ikafutwa mbele yake na mbele ya mjumbe, akapewa nyingine ya 160.5.

Adapta ya bluu nikaitoa kabisa, sikutaka kuzima masasisho ya Windows kwa ajili ya kulinda draiva ya kulazimisha, laptopu hiyo inaingia intaneti na ina hesabu za watu. Nikazima ile hali ya laptopu kulaza USB ili kuokoa chaji, maana karani akienda kula akirudi poti ilikuwa imelala. Tundu la USB tukaliwekea seloteipu nyekundu, adapta inakaa hapo tu, ukihamisha Windows inaipa namba nyingine ya COM.

Matokeo

Msimu ukaisha bila risiti nyingine kukosewa, angalau hakuna iliyoonekana kwenye kulinganisha na mpaka sasa hakuna mkulima aliyerudi kulalamika. Gharama kwa chama ilikuwa adapta mbili, waya mmoja na nusu siku ya foleni ya mkono. Gharama kwangu ni kwamba bado naitwa fundi saruji.

Nilivyouchambua baadaye

Kilichofanya kazi ni kupima kipande kimoja kimoja pale Jumamosi, kibanio kwa adapta, mita kwa waya. Tatizo la waya wa kupishana lingeweza kutula siku nzima, lilichukua kama nusu saa. Kilichofeli ni kwamba nilipofika kwenye kipande cha mwisho, maana ya zile herufi zenyewe, nikaacha kupima nikaanza kuamini. Namba moja ikilingana nikasema zote zinalingana. Siku hizi nikiunganisha kifaa chochote kinachotuma namba, mizani, mashine ya maabara, kipimo cha mafuta, natafuta mzigo utakaonipa tarakimu zote kumi, na 1, 2, 4, 7, 8 naziangalia kwa jicho la pekee.

Kukimbilia kilichobadilika mwisho, hilo nalo. Hitilafu ilikuwepo tangu Jumamosi na adapta ya kwanza, sema haikupata nafasi ya kujionyesha. Adapta ya pili ilikuta msiba ikaambiwa ndiyo iliyoua.

Programu nayo ina lake. Kutupa herufi usizozijua kimya kimya ni hatari kuliko kugoma, ingegoma tungejua dakika ile ile. Siwezi kuirekebisha, msimbo wake hatunao.

Na kuna jambo ambalo nililigundua baada ya mwezi, nilipoipima ile CH340 kwa udadisi tu. Upande wake wa kutuma, ikiwa imetulia, unakaa karibu na sifuri, hauendi hasi kabisa, wakati RS-232 inataka mtumaji atoe angalau volti 5 chini au juu. Waya wa bei rahisi mwingi hauna chipu ya kupandisha volti mle ndani. Kipimo cha kibanio inakifaulu vizuri tu, maana inajisikiliza yenyewe. Kwetu haikuleta shida kwa sababu laptopu inasikiliza tu, haisemi kitu, indiketa inamwaga uzito yenyewe. Lakini chama wameshaanza mazungumzo ya kuunganisha na mizani ya magari ya ghala kuu, na ile haitoi uzito mpaka kompyuta iiombe, kwa hiyo nimewaandikia waagize adapta yenye volti kamili na chipu halisi ya kampuni ya FTDI kutoka kwa muuzaji anayetoa risiti, feki ni nyingi mno, na mwaka 2014 kuna draiva ya kampuni hiyo iliyokuwa inafuta namba ya utambulisho ya chipu za kuiga, zikawa hazionekani kabisa kwenye kompyuta. Bajeti bado haijapita.